Programu ya kusafisha RAM ilivyonifungia kazi yangu

Nianze kwa kuitendea haki: siku za mwanzo niliipenda. Kompyuta yangu ina RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizo wazi hufanyia kazi) ya GB 8 na ilikuwa inajikokota. Nikabonyeza kitufe cha kusafisha, matumizi ya RAM yakashuka kutoka asilimia 85 hadi 40 papo hapo. Nikaona nimepata dawa, nikalipia.

Basi wiki kadhaa zilizopita nilikuwa na faili kubwa la Excel, nimelishughulikia tangu jioni. Nikalishusha chini nisome barua pepe. Narudi, faili halipo. Limefungwa! Kumbe programu ina usafishaji wa kujiendesha, umewashwa bila mimi kuulizwa, na ikalihesabu faili langu kuwa halitumiki. Halitumiki kwa nani? Nililiacha dakika chache tu! Nilichokuwa nimehifadhi hakikufika hata nusu. Nilirudia kazi hadi alfajiri, mikono ikinitetemeka kwa hasira.

Hasira hiyo ndiyo iliyonifanya nichunguze. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikafunguka Task Manager, yaani orodha ya Windows ya programu zinazoendeshwa na kumbukumbu zinayotumia, nikafungua sehemu ya kumbukumbu, nikatazama kinachotokea kila nikisafisha. Namba inashuka, kweli. Lakini data nyingi za programu zilizo wazi zinasukumwa tu kwenye diski, na diski ni ya polepole mno kuliko RAM. Ukirudi kwenye programu uliyoiacha, lazima zisomwe upya kutoka huko. Ndiyo maana kivinjari kilikuwa kinaganda kila nikimaliza kusafisha! Tena sehemu ya RAM niliyotaka itolewe ilikuwa akiba ya data zilizowekwa karibu zisomwe haraka, ambayo Windows huiachia yenyewe programu nyingine ikihitaji. Nimelipia namba ishuke, si kompyuta iende kasi.

Orodha hiyo hiyo ikanionyesha walaji wenyewe: tabu zaidi ya 30 za kivinjari, na programu tatu zinazojiwasha pamoja na kompyuta ambazo sizitumii kabisa. Nikafunga tabu, nikazizuia zile tatu zisijiwashe. Dakika tano, bila senti.

Nilikuwa nimepanga kuipa nyota tatu, maana ni rahisi kutumia, na anayeuzima ule usafishaji wa kujiendesha huenda asipatwe na yaliyonipata. Hapana. Nikikumbuka nilivyolitafuta lile faili nisilione, hizo tatu nazirudisha. Nyota moja. Nimeshaiondoa, na kompyuta inakwenda vizuri kuliko ilivyokuwa nayo.