Kahawa ya "Kilimanjaro blendi" ya supamaketi za Japani: nimeipa nyota tatu

Wabongo wengi wakifika huku Japani wanauliza kahawa ya nyumbani wataipata wapi, jamani iko kila mahali, ingia supamaketi yoyote nenda kwenye rafu ya kahawa utaona pakiti zimeandikwa Kilimanjaro kwa herufi zao, nyingi ni blendi, yaani mchanganyiko wa buni za sehemu tofauti. Hii ninayoiongelea ni ile ya bei ya chini, ya vifuko vidogo unaning'iniza kwenye kikombe unamwagia maji ya moto, dakika mbili unakunywa. Kampuni sitaji maana nimeonja za kampuni tofauti na hazipishani sana.

Ladha kwanza. Ukifungua kifuko harufu ni safi kabisa, na ukinywa ikiwa bado ya moto kale kaukali ka ndimu ka arabika ya kwetu (aina ya kahawa) kapo, ila kanapotea haraka mno alafu unabaki na uchungu mtupu wa kahawa iliyokaangwa sana. Ukitia maziwa ndo basi, husikii kitu. Kwa asubuhi ya kukimbilia treni inatosha, ila usimpe mgeni ukamwambia hii ndo kahawa ya Tanzania.

Sasa geuza pakiti usome nyuma. Ya kwangu imeandika Tanzania, Brazil na nchi nyingine. Wafanyabiashara wa kahawa wa Japani wana kanuni yao, blendi ikitaka kubeba jina la Kilimanjaro lazima angalau asilimia 30 ya buni iwe hiyo ya Kilimanjaro, hiyo 70 iliyobaki itoke popote. Na Kilimanjaro kwa hesabu yao ni arabika yoyote ya Tanzania isipokuwa ya Bukoba! Mi kwetu Mbinga, Ruvuma huko kusini, wazee wetu wanalima kahawa kuzunguka nyumba na wengi hawajawahi kuuona huo mlima, lakini buni yao ikishatoka amcos, yaani ushirika wa wakulima, ikaenda mnadani ikapanda meli, ikifika Yokohama inaitwa Kilimanjaro. Hivo hivo kwa watu wa Mbozi, kule Songwe.

Nawapa haki yao, ile asilimia 30 inatusaidia, bila hiyo mtu angetia kijiko kimoja cha buni yetu akaandika jina zima. Ila ni kanuni waliyojiwekea wao na kuibadilisha wanaweza wao, na mkulima wa Mbinga hana anapotajwa. Hapo ndo naumia, kwa sababu hawa hawa Wajapani kwenye vitu vyao hawana mchezo. Tangu 2015 wana sheria ya kulinda majina ya mazao yanayotokana na sehemu fulani, na mwaka huo huo wakasajili tikiti la Yubari na nyama ya ng'ombe ya Kobe, huwezi kuchukua tikiti la kwingine ukalibandika jina la Yubari. Na mlango hawajawafungia wageni, nyama ya nguruwe ya Parma ya Italia iliingia kwenye orodha hiyo 2017.

Huko juu kwenye biashara ya dunia nako mizani imelala upande mmoja. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ule wa haki miliki, ulioanza 1995 unalinda divai na pombe kali kuliko mazao mengine, kwenye divai hata ukiandika "aina ya" fulani hairuhusiwi, hata kama mteja hajadanganyika. Kahawa, chai, mchele, hivi vinavyotoka kwetu, mpaka uthibitishe mteja amepotoshwa. Kwanini mzabibu wa Ufaransa ulindwe kuliko mbuni wa Mbinga? Sijaona jibu la maana mpaka leo.

Ethiopia hawakusubiri. 2005 walienda kusajili Yirgacheffe, Harrar na Sidamo, majina ya kahawa zao, kama alama za biashara Marekani kwenyewe, chama cha wafanyabiashara wa kahawa cha kule kikapinga, ikawa vuta nikuvute hadi na Starbucks, ile kampuni kubwa ya migahawa ya kahawa, mpaka Juni 2007 wakasaini makubaliano. Hawakudai malipo kwa kutumia jina, walitaka mnunuzi akubali kwamba jina ni la Ethiopia. Sisemi mkulima wa kule ametajirika, bei ya kahawa ina mambo mengi, ila wakikaa mezani wana karatasi mkononi.

Turudi kwenye manunuzi. Kama una hela kidogo ya ziada achana na blendi, tafuta vile viduka vidogo vinavyokaanga wenyewe, uliza kama wana Tanzania AA (daraja la buni kubwa) tupu. Mi nilipata iliyoandikwa kabisa Mbinga, bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hii ya supamaketi, lakini ule ukali mtamu unakaa mdomoni mpaka kikombe kinaisha, na muuzaji alijua Ruvuma iko wapi, nilifurahi sana kwa kweli.

Hii blendi naipa tatu kwa tano. Moja nimekata kwa ule uchungu, nyingine kwa hiyo 70 isiyojulikana vizuri. Ukiinunua soma nyuma kabla hujalipa, kama wameandika asilimia chukua yenye kubwa, na usiweke maziwa.