TAHADHARI: Vakyumu za zamani "zilizong'arishwa upya" ambazo zimepuliziwa rangi tu

Kama unanunua vakyumu (mashine ya kufyonza vumbi) ya zamani kwa picha, ng'ang'ania kujua mng'ao wake umetoka wapi. Kuna wauzaji wanaotangaza mashine "iliyosuguliwa hadi metali yenyewe" wakati haijaguswa na msasa hata mara moja. Imepigwa rangi ya kopo ya fedha, au imepitishwa kwenye asidi kisha ikafunikwa kwa vanishi juu ya uchafu uleule. Siku ya kwanza inapendeza. Baadaye vanishi inakuwa ya manjano, inavimba kwenye kingo, na chini yake alumini inaota unga mweupe.

Dalili ya kwanza iko kwenye maneno ya tangazo. Bodi kubwa za vakyumu za zamani za kampuni ya Kirby ni alumini ya kumimina, na mng'ao wake ni wa alumini yenyewe. Anayekuandikia "bodi ya kromu halisi" ama haijui mashine anayoiuza au anakudanganya, na kwa vyovyote usimpe pesa yako. Kromu hukaa zaidi kwenye mabomba ya chuma na vipande vya urembo. Hoover 150 ya mwaka 1936, ile iliyobuniwa na Henry Dreyfuss, ina vipande vya magnesi, metali nyingine nyepesi. Hiyo usimkubalie mtu aliyeipeleka kwenye gurudumu la kung'arishia kama alumini ya kawaida, kwa sababu vumbi la magnesi hushika moto, na moto wake hauzimwi kwa maji.

Muulize muuzaji alitumia msasa namba ngapi (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi). Aliyefanya kazi atakujibu bila kufikiri: 320 penye vishimo, kisha 400, 600, 800, 1000, hadi 1500, kuanzia 600 kwa maji, na kila namba akibadilisha mwelekeo mpaka mikwaruzo ya namba iliyotangulia iishe. Halafu gurudumu la kitambaa kigumu lenye dawa ya kung'arishia ya kahawia, kisha gurudumu jingine laini la pamba lenye dawa nyeupe. Magurudumu hayachanganywi. Chembe chache za dawa ya kahawia zikiingia kwenye gurudumu la nyeupe, michirizi haitoki. Kazi hii kwa bodi moja ni ya saa nyingi. Anayeahidi kuimaliza jioni hiyohiyo amenunua kopo la rangi.

Omba picha za karibu za mifereji ya skrubu, za herufi zilizochongwa kwenye bodi na za ukingo wa mpira wa pembeni. Rangi ya kupuliza hujaa kwenye mifereji na huacha ukungu wa fedha juu ya mpira. Herufi zilizofifia zina maana nyingine: bodi ilisuguliwa kwa pupa hadi nembo ikaliwa, na hilo halirekebishiki.

Ukiipata mkononi, anza na sumaku. Ikishika, ni chuma, na huenda kina kromu. Isiposhika, paka polishi kidogo ya metali kwenye kitambaa cheupe na usugue sehemu iliyojificha. Alumini tupu hukifanya kitambaa kiwe cheusi ndani ya sekunde chache. Kikibaki kisafi, kuna vanishi. Kikitoka na rangi ya fedha, umeshapata jibu. Pamba yenye asetoni inathibitisha zaidi, ila usiisogeze kwenye plastiki wala kwenye kibao cha namba ya mashine.

Kwenye kromu uwe mkali zaidi. Kromu ya urembo kwa kawaida haifiki hata unene wa mikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita), na chini yake kuna nikeli. Mabaka ya manjano hafifu kwenye bomba "lililong'arishwa" yanaonyesha kromu imeshasuguliwa ikaisha. Hakuna polishi itakayoirudisha, ni kuchovya bomba upya kwenye kromu tu. Kromu yenye madoa madogo ya kutu haihitaji msasa kabisa: karatasi ya alumini iliyokunjwa na maji inatosha, kisha nta.

Jihadhari pia na wale wanaouza "dawa ya siri" kwenye chupa isiyotaja kilichomo. Kostiki soda hula alumini na kuiacha nyeusi. Baadhi ya dawa za kung'arisha alumini zina asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na maumivu yake yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Chupa isiyo na maelezo usiifungue.

Jambo linalosahaulika sana ni mota. Wengi husugua mashine ikiwa imefungwa. Vumbi la alumini hupitisha umeme, na likiingia kwenye brashi za kaboni linaleta shoti. Likichanganyika na grisi linakula beringi. Dai picha ya bodi ikiwa tupu, mota na feni vimetolewa. Bila picha hiyo, usichomeke kwenye umeme kabla fundi hajaifungua na kuisafisha, na akague waya pia, maana ganda la mpira la zamani hupasuka likikunjwa.

Kama umeshanunua na umegundua rangi, usikimbilie kuibandua. Rekodi video ya jaribio la asetoni, piga picha za skrubu na mpira, tuma malalamiko ndani ya muda wa kurudishiwa pesa. Ukishabandua, ushahidi umeondoka. Ukilazimika kubaki nayo, fungua kila kitu, ondoa kibao cha namba, tumia dawa ya kubandua rangi iliyoandikwa kuwa salama kwa alumini pamoja na kikwaruzio cha plastiki, osha, kausha, kisha anza na msasa ulio laini kadiri vishimo vinavyoruhusu. Malizia kwa nta. Vanishi usiirudishe.