Sintesaiza yangu ya zamani imehamia VST3: sauti ileile, miradi haifunguki

Natoa nyota tatu, na zote tatu ni za sauti.

Sintesaiza hii, yaani ala ya ndani ya kompyuta inayozalisha sauti, nimeitumia miaka mingi kwa besi na kwa zile sauti ndefu zinazolala nyuma ya waimbaji. Besi yake ni nzito lakini haifuniki ngoma, na ukiifungua filta (kichujio cha sauti) polepole haitoi ule ukali unaochoma masikio. Jina lake silitaji, maana haya yaliyonikuta yanaweza kumkuta yeyote mwenye plagini za zamani, yaani programu ndogo zinazopachikwa ndani ya programu ya kurekodi, na mtengenezaji huyu si peke yake.

Toleo jipya sikulinunua kwa tamaa ya sauti mpya. Nilihama kutoka Mac ya Intel kwenda Mac yenye chipu ya Apple yenyewe. Narekodi kwa Cubase 12, programu ya kurekodi muziki, na Cubase 12 ikiendeshwa moja kwa moja kwenye chipu hizo inasoma plagini za VST3 tu, yaani za toleo la tatu la VST, mfumo unaounganisha plagini na programu ya kurekodi. Ukitaka za VST2, lazima uiwashe kupitia Rosetta 2, ile programu ya Apple inayotafsiri kazi zilizoandikwa kwa ajili ya Intel. Sintesaiza yangu ilikuwa VST2, kwa hiyo nilipowasha Cubase kwenye mashine mpya haikuwemo hata kwenye orodha.

Mtengenezaji hawezi kusema alishtukizwa. Steinberg, watengenezaji wa Cubase, walianzisha VST mwaka 1996, wakaleta VST2 mwaka 1999, na VST3 ipo tangu 2008. Mwaka 2013 waliacha kuiendeleza VST2. Mwaka 2018 wakaacha kutoa zana zake kwa watengenezaji wapya. Januari 2022 wakatangaza kwamba programu zao zitaacha kuisoma ndani ya miezi 24. Toleo la VST3 la sintesaiza hii lilikuja baada ya tangazo hilo la mwisho, tena kama toleo la kulipia. Kulipia sina neno, watu wanafanya kazi na wanahitaji kula. Ila ukilipisha, kazi iwe imekamilika.

Kusakinisha ni rahisi. Plagini za VST3 zina folda yao moja inayojulikana, kwa hiyo Cubase inaikuta yenyewe. Waliotumia VST2 kwenye Windows wanakumbuka plagini zilivyokuwa zikitawanyika kwenye kila folda ambayo mtengenezaji alijisikia kuitumia. Dirisha sasa linakuzwa na kupunguzwa, maandishi yanasomeka, na prosesa haihemi. Nikianza wimbo mpya, sina la kulalamika.

Matatizo yanaanza ukifungua wimbo wa zamani. Cubase inakuambia plagini haipatikani, wakati hiyo hiyo plagini umeinunua upya na imesakinishwa. Sababu ni kitambulisho. Plagini ya VST2 hujitambulisha kwa herufi nne. Ya VST3 hutumia kitambulisho kirefu cha biti 128. Mradi wako haukumbuki jina la sintesaiza tu, unakumbuka kitambulisho hicho. Steinberg waliliona jambo hili mapema, wakaweka utaratibu wa kutengeneza kitambulisho cha VST3 kutokana na zile herufi nne za VST2. Mtengenezaji akiufuata, na toleo jipya likaweza kusoma hifadhi ya toleo la zamani, Cubase inaweka plagini mpya mahali pa ile ya zamani bila wewe kuguswa. Nina kompresa (plagini ya kusawazisha nguvu ya sauti) ya kampuni nyingine iliyovuka hivyo. Nilifungua mradi, ikawa pale na mipangilio yake yote, na ningeweza kumaliza wimbo bila kujua kwamba kuna kilichobadilika.

Mtengenezaji wa sintesaiza alichukua kitambulisho kipya kabisa. Kwa Cubase, hizi ni plagini mbili zisizojuana.

Kwa hiyo kila wimbo wa zamani nauokoa kwa mkono. Nawasha Cubase kwa Rosetta, nafungua mradi ukiwa na toleo la VST2, nahifadhi kila sauti kwenye faili ndani ya sintesaiza yenyewe, kisha narudi kwenye Cubase ya kawaida na kuipakia katika toleo la VST3. Sauti zenyewe zinavuka salama, nawapa haki yao. Kisichovuka ni mizunguko ya vifundo niliyoichora kwenye mstari wa wimbo ili vijizungushe vyenyewe. Mpangilio wa vidhibiti umebadilika, kwa hiyo mstari uliokuwa unafungua filta lazima niuelekeze upya, mmoja mmoja. Kwenye wimbo wenye besi na sauti nne za nyuma, hiyo ni kazi ya jioni nzima, na hakuna mteja anayelipia jioni ya namna hiyo.

Kuna na jambo la gurudumu la kibodi. VST3 haipelekei plagini ujumbe wa vidhibiti wa MIDI, lugha ambayo kibodi huzungumza na kompyuta, kama VST2 ilivyofanya. Mtengenezaji ndiye anayepaswa kuunganisha kila ujumbe na kidhibiti ndani ya plagini. Hapa wameunganisha gurudumu la modulesheni na pedali ya kushikilia noti, basi. Ile nafasi ya kubofya kifundo, kuzungusha kitufe chochote cha kibodi na vikashikana, imeondolewa. Kwa anayepiga kwa mikono badala ya kuchora kwa panya, ni pengo kubwa.

Atakayeniambia nibaki na Rosetta, ajue Apple walishatangaza mwaka 2025 kwamba itaendelea kikamilifu hadi macOS 27 tu. Tumewahi kupita hapa. Cubase 9 ilipoacha plagini za biti 32, na macOS Catalina ilipofunga mlango kabisa mwaka 2019, plagini nyingi za bure zilizotengenezwa na mtu mmoja chumbani kwake zilipotea na nyimbo zake. Watu wa Windows walau walikuwa na jBridge ya kuvushia za biti 32. Tangu hapo, kila wimbo unaokamilika natoa faili ya wav ya kila ala, ikiwa na efekti zake na pia bila efekti, kabla ya kufunga mradi. Ndizo zilizonisaidia nyimbo ambazo sikuwa na nguvu ya kuzijenga upya.

Kuna wanaonishauri nihamie CLAP, mfumo huria wa plagini wa kampuni za u-he na Bitwig uliotoka 2022. Ni mzuri, lakini programu nyingine za kurekodi zina mifumo yake, Logic inataka Audio Units, Pro Tools inataka AAX, na studio ninazopelekea kazi hazibadilishi programu kwa ajili yangu. Na kisingizio cha leseni kwa watengenezaji nacho kimepungua, maana tangu Oktoba 2025 zana za VST3 zinatolewa kwa leseni ya MIT, ile huria inayoruhusu yeyote kuzitumia.

Kama hujawahi kuimiliki sintesaiza hii, nunua, utaipenda. Kama unayo ya VST2, pakua toleo la majaribio kwanza na ufungue mradi wako wa zamani uliojaa mambo mengi, si ule mwepesi. Ukiona ujumbe wa plagini kukosekana, utajua kinachokungoja.

Huduma kwa wateja walinijibu haraka na kwa adabu kwamba kubadilisha kitambulisho sasa kutavunja miradi ya waliokwisha kuhamia. Ni kweli. Ila VST3 inampa mtengenezaji nafasi ya kuorodhesha vitambulisho vya zamani ambavyo plagini yake inavirithi, bila kugusa kilichopo. Nimewarudishia barua nikiwaelekeza hapo. Wakilifanya, nyota ya nne naiongeza siku hiyohiyo; ya tano hadi vifundo vyangu virudi kwenye kibodi.