Nililipia giza, nikamulikwa taa ful

Niseme mapema, bado nina hasira, kwa hiyo mnisome hivyo hivyo.

Tulikwenda Magadi, kusini mwa Kenya, mimi na Mama, karibu na mvua za vuli, na kikundi kimoja cha kutazama nyota kutoka Nairobi. Sheria tulisomewa garini kama watoto wa bweni: simu zizimwe, tochi zifunikwe karatasi nyekundu, maana macho huchukua kama nusu saa kuzoea giza, na mwanga mweupe ukikupiga mara moja tu unaanza upya. Sawa. Hata saa yangu ya mkononi niliifunga kwa leso ya Mama.

Darubini kubwa ilikuwa moja, foleni ndefu. Mama magoti yanamsumbua, lakini alisimama karibu saa nzima. Zamu yake ikafika, akainama, na kabla hajaliweka jicho sawa, pikapu ya hao hao wenyeji wetu ikaibuka na chakula, taa ful, ikatumulika sote. Mama akasema anaona madoa tu. Kijana wa darubini akamjibu: "Mama, kama huoni sogea, wengine wamelipa."

Wengine wamelipa! Kwani Mama aliingia kwa mkopo?

Nikamfuata mkubwa wao. Akacheka, eti dereva lazima aone njia. Nikamuuliza, sasa zile karatasi nyekundu zilikuwa za nini? Akanipa mgongo. Wali wao ulikuwa mbaya, nyama ngumu, hema linanuka. Au labda havikuwa hivyo, sijui, mimi usiku ule kila kitu kilinichukiza isipokuwa anga. Anga la kule halina mpinzani. Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota, unaiona bila kuitafuta.

Tathmini ya nyota moja nilikuwa nimeshawaandikia. Lakini kuna baba wa makamo, mteja kama sisi, aliyekuja na kidarubini chake mwenyewe cha miguu mitatu. Aliyaona yote. Akaleta kiti cha plastiki: "Shikamoo Mama. Keti, hakuna haraka."

Mama akaiona sayari ya Zohali. Pete zake mwaka 2025 zilitugeuzia ukingo, na bado zilikuwa nyembamba, kama uzi uliopenya kwenye shanga. Mama akanyamaza muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole mashariki: "Na kile pale Kilimia." Akamwambia yule baba maneno ya kundi hilo la nyota aliyofundishwa na babake, mvuvi: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Baba wa watu akatoa daftari akaandika, kwa tochi nyekundu.

Sasa Mama anauliza safari nyingine ni lini. Nimemwambia na wale hatuendi tena, hata watubebe bure. Jana usiku nikajikuta naangalia bei zao.