Haller Park ya Bamburi: matembezi ya nusu siku kwa wenye watoto wadogo

Kwa familia yenye watoto ambao hawajaanza shule au ndio kwanza wameanza, sijaona Mombasa mahali pa matembezi panapowafaa kuliko Haller Park ya Bamburi, na nasema hivyo baada ya kupalinganisha na fukwe, mabwawa ya kuogelea na hata zile mbuga kubwa za wanyama ambazo wengi wetu huzihesabu kuwa zawadi bora ya likizo. Mtoto wa miaka 3 au 4 hafaidi kitu kwa kuonyeshwa simba aliyelala mbali chini ya mgunga, huku yeye mwenyewe amekaa garini tangu alfajiri, ana joto, ana kiu na anataka kwenda haja. Anachokitaka ni mnyama aliye karibu kiasi cha kumsikia akitafuna, na ruhusa ya kutembea kwa miguu yake, kusimama anapopenda na kuuliza swali lile lile mara tatu. Haller Park humpa hayo yote, tena katika eneo ambalo familia inaweza kulimaliza kwa nusu siku bila mtoto kuchoka hadi kulia.

Kufika ni rahisi. Ukishavuka daraja la Nyali unafuata barabara ya Malindi, unapita Kongowea na Bombolulu hadi Bamburi, na lango la bustani liko kando ya barabara hiyo hiyo, jirani na kiwanda cha saruji. Matatu zinazokwenda Mtwapa hupita hapo, kwa hiyo asiye na gari hahitaji kukodi teksi. Msongamano wa barabara hiyo wenyeji tunaujua, na kwa kuwa ratiba ya wanyama haimsubiri mtu, ni busara kutoka mjini mapema kuliko unavyodhani inahitajika.

Nasisitiza ratiba kwa sababu ndiyo inayoamua kama matembezi yatakuwa matamu au ya kawaida tu. Kwa muda mrefu twiga wamekuwa wakilishwa saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri, na viboko saa 10 jioni. Mwenye watoto wadogo nampendekezea mojawapo ya njia mbili: aingie kabla ya saa 4 asubuhi, azunguke taratibu, awakute twiga saa 5 na atoke kabla ya jua la adhuhuri na usingizi wa mchana, au aje baada ya saa 8, aanzie kwa twiga wa saa 9 na amalizie kwa viboko. Anayeingia saa 6 mchana hukuta wanyama wamejilaza kivulini, na mtoto ataondoka akidhani kiboko ni jiwe lililo majini. Ratiba yoyote huweza kubadilika, kwa hiyo uliza langoni wakati wa kukata tiketi, na hapo hapo uthibitishe viingilio, maana raia, mkazi na mgeni kutoka nje hawalipi sawa. Beba kitambulisho.

Kulisha twiga ndiko kunakobaki vichwani mwa watoto. Mgeni husimama kwenye jukwaa lililoinuliwa, akapewa chakula cha punjepunje kiganjani, na twiga huja wenyewe kwa ule mwendo wao wa kutokuwa na haraka. Kichwa kinapofika usawa wa uso wako ndipo unapotambua ukubwa wake: kope ndefu, pua zinazofunga na kufunguka, na ulimi wa rangi ya zambarau inayokaribia weusi, mrefu kupita kiasi cha mtoto kuamini, unaojikunja na kuzoa punje zote kwa mara moja, ukiacha mkono umelowa ute unaonata. Mwanangu wa miaka 4 alirudisha mkono nyuma mara ya kwanza, akajificha kwenye kanga yangu, kisha akaomba punje nyingine, na tangu hapo hakukubali mtu mwingine ashike zamu yake. Kwa mtoto mwoga, mzazi aweke kiganja chake chini ya kiganja cha mtoto, vidole vikiwa vimenyooka, amwache twiga achukue kutoka mikono miwili pamoja. Asilazimishwe. Kutazama tu akiwa amebebwa nako ni kushiriki.

Kutoka kwa twiga twende kwa kobe wakubwa wa Aldabra, visiwa vilivyo upande wa Shelisheli. Hawa ni wanyama ambao dume lao linaweza kupita uzito wa kilo 200, nao hutembea polepole kiasi kwamba hata mtoto aliyeanza kusimama juzi anaweza kuwafuata bila kuachwa. Hapa ndipo pa kumsimulia mtoto habari ya Owen na Mzee. Mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 yalipofika pwani yetu, mtoto wa kiboko, ambaye baadaye aliitwa Owen, alionekana peke yake baharini karibu na Malindi, mbali na kundi lililokuwa limeteremshwa na Mto Sabaki. Watu wa Malindi walihangaika naye kwa nyavu na kamba hadi wakamwokoa, akaletwa Bamburi siku iliyofuata, naye akamkimbilia kobe mmoja mzee aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi, akajificha nyuma yake kama ambavyo watoto wa kiboko hujificha nyuma ya mama. Kobe yule, jina lake Mzee, mwanzoni alikuwa akijisogeza pembeni, lakini baadaye wakawa wanakula pamoja na kulala pamoja. Mtoto hahitaji kuongezewa chumvi yoyote katika kisa hiki. Anasikiliza huku kobe wa jamii ile ile akimtafunia majani mbele yake, na maswali yanamiminika: mama yake alikwenda wapi, kobe hakuogopa, waliongea vipi.

Lakini kitu ninachokithamini zaidi katika bustani hii, na ambacho wageni wengi hukipita bila kukitazama, ni ardhi yenyewe. Mahali hapa palikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, na mawe ya matumbawe yalichimbwa hadi ikabaki sakafu nyeupe, tupu, inayochoma kwa jua, na maji ya chumvi yakiwa karibu sana chini yake. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu kuirudishia uhai. Katika aina 26 za miti zilizojaribiwa ni 3 tu zilizostahimili, na iliyofanya vizuri kupita zote ni mvinje, mti ambao sisi wa pwani tunaujua kwa fito na nguzo za nyumba. Mvinje huvumilia chumvi, na mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaovuta nitrojeni hewani, kwa hiyo unaweza kuota pasipo na udongo wa maana.

Tatizo likawa majani. Yale majani membamba kama sindano yalianguka yakalundikana bila kuoza, na bila kuoza hakuna mboji. Waliotatua shida hiyo ni majongoo. Haller aliwaona wakila majani hayo, akaamuru wakusanywe kwa wingi na kuachiwa humo, na kinyesi chao kikawa ndicho chakula cha vijidudu vinavyotengeneza udongo. Udongo ukaleta miti mingine, miti ikaleta ndege, na bustani ikafunguliwa kwa umma mwaka 1984.

Mweleze mtoto wako haya akiwa amechuchumaa chini ya mvinje. Fukua kidogo kwa kijiti, utaona majani makavu ya juu, kisha yaliyosagika, kisha tabaka jembamba jeusi, na chini yake jiwe jeupe. Umbali wote huo hauzidi urefu wa mkono wa mtoto. Na kama mvua imenyesha karibuni, jongoo hatakosekana: mweusi, anang'aa, miguu myekundu ikienda kwa mawimbi kutoka nyuma kuja mbele, akiguswa anajiviringa duara. Watoto wetu wamefundishwa kupiga kelele wakimwona jongoo na kumtafutia kiatu. Nilifurahi kuona mpwa wangu, aliyekuwa wa kwanza kunyanyua kandambili, akiketi kumhesabia miguu na kuwakataza wenzake wasimkanyage kwa kuwa "ndiye aliyetengeneza msitu". Sidhani kuna darasa la chekechea lingemweleza vizuri zaidi.

Sehemu ya mamba na ya nyoka nitazipitia kwa ufupi. Mamba ni wa kutazamwa ukiwa nyuma ya ukuta na uzio, na mtoto asiinuliwe akaketishwa juu ya ukuta kwa ajili ya picha, hata kama wengine wanafanya hivyo. Nyoka wako nyuma ya vioo. Wapo watoto wanaovutiwa nao na wapo wanaopoteza usingizi wa usiku, mzazi anamjua wake. Pofu, choroa na kuro, wote wa jamii ya swala, wapo pia, ila kwa watoto wadogo hawa huonekana kama mbuzi wakubwa na hawawashiki muda mrefu. Mabwawa ya samaki, kinyume na nilivyotarajia, yaliwashika sana.

Kuhusu chakula, tahadhari ni tumbiri. Wamezoea watu, wana akili, na mahamri mkononi mwa mtoto ni mwaliko. Usifungue mfuko wa chakula njiani, wala usimruhusu mtoto kuwarushia karanga, kwa sababu tumbiri aliyezoeshwa kulishwa ndiye kesho atakayemparura mtoto mwingine. Beba maji ya kutosha. Kuhusu kigari cha mtoto, sehemu kubwa ya njia ni udongo na changarawe, kwa hiyo mbeleko hufaa zaidi. Viatu vya kufunika vidole ni bora kuliko kandambili, na kwa anayebaki hadi saa ya viboko, dawa ya mbu isisahauliwe, maana maji ni mengi na jioni mbu huamka. Siku za katikati ya wiki katika muhula mabasi ya shule hufika kwa wingi asubuhi. Anayetaka utulivu jukwaani kwa twiga achague zamu ya saa 9.

Wapo watakaosema kwamba watoto wa siku hizi wanataka bembea za umeme na puto za kurukia. Nami nimewahi kuwapeleka mahali pa namna hiyo, nisipopataja, ambako kila mchezo una tiketi yake, muziki haupunguzwi, na sungura waliitwa "shamba la watoto" ilhali wamefungiwa kwenye tundu moja juani bila maji. Watoto walicheza, sikatai, lakini waliporudi nyumbani hawakuwa na la kusimulia. Wa Haller Park walisimulia wiki nzima, na mkubwa wao alimfundisha bibi yake jinsi jongoo anavyokula mvinje.

Ukomo wake ni umri. Mtoto wa miaka 10 au 12 aliyekwisha kuizuru bustani hii na shule ataizunguka upesi na kutaka kuondoka, na kwa huyo ningechagua Nguuni, hifadhi iliyo si mbali kutoka hapo, yenye nafasi ya wazi, mikoma, mbuni, pofu na twiga, na ambako kutembea ni kurefu zaidi. Huko panga safari yako mapema kabla ya kwenda, na uende alasiri jua likishapoa. Wadogo waache Bamburi mpaka miguu yao ikomae.