Frogfishes ya Pietsch na Arnold: kuwatambua samaki-chura bila kudanganywa na rangi

Kwa anayetaka kuielewa familia ya Antennariidae, yaani samaki-chura wa oda ya Lophiiformes, sijaona kitabu kinachokifikia Frogfishes: Biodiversity, Zoogeography, and Behavioral Ecology, kilichoandikwa na Theodore W. Pietsch na Rachel J. Arnold na kutolewa na Johns Hopkins University Press mwaka 2020. Kinaiendeleza kazi ambayo Pietsch na David B. Grobecker waliichapisha mwaka 1987, ila sasa ushahidi wa vinasaba umewekwa kando ya ule wa mifupa na mapezi.

Linalowatatiza watu katika samaki hawa ni rangi. Samaki wa spishi moja anaweza kuwa wa manjano, mwekundu au mweusi kabisa, akifuata rangi ya sifongo, mnyama wa baharini asiyehama, aliyojibanza kando yake, na ndiyo maana wataalamu wa zamani walirundika majina mengi juu ya spishi moja. Kitabu kinamrudisha msomaji kwenye alama za kutegemewa: mwiba wa kwanza wa mgongoni, ambao umegeuka ufito wa kuvulia, urefu wake ukilinganishwa na mwiba wa pili, na umbo la chambo kilicho nchani. Antennarius striatus ana chambo cha vinyama virefu kama minyoo, ilhali Antennarius hispidus, ambaye michirizi yake humchanganya hata mzamiaji mzoefu, ana kishada cha nyuzi nyembamba. Sehemu hii pekee inatosha kukifanya kitabu kistahili kununuliwa.

Mgawanyo wa nusufamilia mbili, Antennariinae na Histiophryninae, umeelezwa vizuri, lakini unategemea vinasaba na umbo la ovari, ambazo hazionekani bila kumpasua samaki. Kwa mtafiti wa maabara hilo si tatizo. Mpiga picha wa chini ya maji hatapata msaada hapo.

Histiophryne psychedelica wa Ambon, Indonesia, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2009, anakwenda kinyume na kanuni zote hizo, kwani hana chambo kinachoonekana, na michirizi yake, ambayo hutofautiana kwa kila samaki mmoja mmoja, ndiyo inayomtambulisha. Lugha ya kitabu ni ya kitaalamu sana, hivyo asiyezoea istilahi za mapezi na miiba aanze na picha na michoro ya vyambo kabla ya kugusa funguo za utambuzi, yaani orodha za maswali ya hatua kwa hatua zinazomfikisha msomaji kwenye jina la spishi.