Nimekula mara tatu kwenye mgahawa huu wa baga, na nitarudi kwa ajili ya ile ya uyoga

Menyu ndefu huwa inanitia shaka. Mgahawa mdogo wa mtaani ukikuwekea baga za kila namna, mara nyingi ujue friza imejaa na jikoni hakuna anayeshika nyama mbichi. Siku ya kwanza nilipofungua menyu ya hapa nikakuta ya ng'ombe, ya kuku, ya samaki, ya uyoga na ya maharage meusi, nilitaka kuinuka. Tulibaki kwa sababu tulikuwa wanne, njaa inauma, na mdogo wangu hali nyama kabisa.

Nilikaa mahali ninapoliona jiko. Mpishi alichukua donge la nyama ya kusaga, akaliweka juu ya bamba la chuma lenye moto mkali, akaligandamiza kwa nguvu mara moja, akaliacha. Chumvi na pilipili manga alinyunyiza palepale, juu ya chuma. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Chumvi ukiichanganya na nyama mapema, nyama hushikamana na baga inakuwa ngumu, inavutika kama soseji. Na ukiibonyezabonyeza ikiwa imeshaanza kuiva, unaikamua utamu wake wote. Yeye aliigeuza mara moja tu. Upande wa juu ulikuwa na ukoko wa kahawia, kingo nyembamba na kavu kiasi cha kuvunjika ukizigusa. Ukoko ule ndio ladha yenyewe, na haupatikani kwa joto dogo. Unataka nyuzi 140 kwenda juu, na chuma kikavu.

Ndani ilikuwa imeiva vizuri na bado ina majimaji yake. Kwa nyama ya kusaga sikubali nyekundu hata nibembelezwe. Vijidudu ambavyo kwenye kipande kizima hukaa nje, ukisaga vinaingia hadi katikati, ndiyo maana inashauriwa ifike nyuzi 71 ndani. Mkate nao ulikuwa umepakwa siagi na kubanikwa upande wa ndani, kwa hiyo haukulowa. Nilimaliza baga yangu bila kitu kudondokea mkononi.

Lakini kilichonifanya niandike ni chakula cha mdogo wangu. Alimuuliza mhudumu, "Samahani dada, hii ya uyoga mnaipika pamoja na nyama?" Dada yule hakubahatisha jibu. Alienda jikoni, akarudi: uyoga una kikaango chake na mwiko wake, ila chipsi zinakaangwa kwenye mafuta yaleyale ya kuku. "Kwa hiyo kama huli kabisa, nikuletee saladi badala ya chipsi." Sehemu nyingi tumeambiwa tu "haina shida", na mdogo wangu akala akiwa na wasiwasi. Hapa alikula ametulia, na mimi kwangu hilo ni kubwa.

Na uyoga wenyewe! Vichwa viwili vipana, vimebanikwa kwanza mpaka vikatoa maji, maana uyoga karibu wote ni maji na usipoyatoa yanaishia kwenye mkate. Juu yake vitunguu vilivyokaangwa polepole hadi vikawa vya kahawia na vitamu, na kijiko cha haradali. Nilionja kipande kimoja. Safari ya pili niliagiza yangu.

Ya kuku ni nzuri, wanatumia paja badala ya kidari, haikauki. Ya samaki ni ya kawaida. Ya maharage meusi sikuipenda: ndani imelegea kama uji mzito, ukiuma inatoroka pembeni. Nadhani inahitaji kitu cha kuishikilia na muda zaidi kwenye moto.

Chipsi zimenipa wasiwasi mara moja. Siku ya kwanza zilikuwa kavu nje, laini ndani. Jioni ya pili watu walikuwa wamejaa, tukasubiri dakika 40, na zilipofika zilikuwa zimelegea, zimebeba mafuta. Ni wazi zilikaangwa mara moja tu kwa haraka. Chipsi nzuri hukaangwa mara mbili, kwanza kwa moto wa wastani ziive, kisha kwa moto mkali zikauke. Nilisema, wakabadilisha bila maneno mengi, na za pili zilikuwa sawa. Ukiweza, nenda kabla ya msongamano wa jioni. Na sosi waambie wakuwekee pembeni, wana mkono mzito.

Mara ya tatu tulienda wawili, mimi na mdogo wangu. Dada yuleyule alitukaribisha, na kabla hatujafungua menyu akamwambia, "Ya uyoga, na saladi, siyo?"